Taya Linauma, Jino Lina Kosa Gani?

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya meno mahali popote mkoani Simiyu, iwe Bariadi mjini, Maswa au Mwanhuzi, utaona jinsi safari ya mgonjwa aliyeshika shavu inavyoanza. Anaulizwa jino gani. Haulizwi maumivu yalianza lini, yanazidi akifanya nini, wala kama kinywa kinafunguka chote. Mgonjwa ambaye hata alipotoka nyumbani hakuwa na uhakika analazimika kuchagua, na mara nyingi anachagua gego la mwisho kwa sababu ndilo lililo karibu na panapouma. Ganzi inachomwa, koleo linashika, pamba inawekwa, anaambiwa aume kwa nusu saa na asisukutue hadi kesho. Wapo wanaopona siku hiyohiyo, na hao sina ugomvi nao. Ninayemgombania ni yule anayerudi baada ya wiki mbili na maumivu yaleyale, akaulizwa tena jino gani.

Imani inayotawala kwetu ni kwamba taya likiuma, jino limetoboka. Jino likitoboka, dawa ni kung'oa. Na anayekuja na habari za kukanda misuli ya taya ama amezitoa kwenye hoteli za watalii, ama ni mganga anayetafuta wateja. Imani hii haiko vijijini tu. Inashikwa na walimu, na watumishi wa halmashauri, na wauzaji wa maduka ya dawa, na baadhi ya wanaovaa koti jeupe. Nasema ni potofu. Nasema pia kwamba kwa taya ambalo ugonjwa wake uko kwenye misuli na kiungo, dawa ya kwanza ni hiyo inayodharauliwa kuliko zote, yaani mikono ya mtu anayejua anachokishika.

Upande wa pili una haki yake, na niitoe mapema. Maumivu mengi ya kinywa kweli ni ya meno. Sukari imeingia kila kijiji, jino linatoboka polepole, mtu anavumilia kwa Panado na diklofenaki hadi usiku ule asiolala, na anapofika kliniki jino halina tena cha kuzibwa. Ndiyo maana sehemu kubwa kabisa ya kazi ya meno katika hospitali zetu za wilaya ni kung'oa, wala si kwa sababu wataalamu wake ni wakatili. Tabibu wa meno mwenye foleni ya watu arobaini na kiti kimoja anafanya kinachowezekana. Lakini mazoea yaliyozaliwa na foleni yamegeuka kuwa elimu, na hapo ndipo kosa lilipo. Mtu amezoea kuona meno mabovu siku nzima, basi linaloingia la mia nalo analiona bovu.

Weka vidole viwili mbele ya tundu la sikio lako, kila upande, kisha ufungue na ufunge kinywa. Unachokisikia kikiteleza chini ya ngozi ni kiungo cha taya. Ni kiungo cha ajabu. Kila upande una chake, lakini mfupa ni mmoja, kwa hiyo hakuna kinachoweza kwenda bila mwenzake. Hakizunguki tu kama bawaba. Kinazunguka, halafu kinateleza kwenda mbele, na katikati yake kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri pamoja na mfupa. Kisahani hicho kikikaa vibaya, ndipo unaposikia taya linalia "ta!" kila unapopiga mwayo. Sasa shusha vidole hadi kwenye shavu, uume meno kwa nguvu. Ule mnofu unaotuna karibu na pembe ya taya ni msuli mkuu wa kutafuna, na kwa ukubwa wake ni mmoja wa misuli yenye nguvu kuliko yote mwilini. Pandisha vidole hadi kwenye panja, uume tena. Hapo napo panatuna. Ni msuli mwingine, mpana, unaotandazwa ubavuni mwa kichwa. Misuli hii hufanya kazi siku nzima, na kwa watu wengi usiku pia.

Msuli uliochoka ukakaza hauumi pale ulipo peke yake. Habari hii ndiyo ingepaswa kuandikwa ukutani katika kila chumba cha meno. Msuli wa shavu ukiwa na fundo, maumivu yake hutupwa kwenye magego ya juu na ya chini na ndani ya sikio. Wa kwenye panja huyatupa kwenye meno ya juu. Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alishirikiana na David Simons kuchora ramani za maumivu ya namna hiyo katika kitabu chao kilichotoka 1983, na tangu hapo wanafunzi wa fiziotherapia duniani kote huzisoma. Sababu yake haina uchawi. Meno, misuli ya kutafuna na kiungo cha taya vyote hupeleka taarifa kwenye ubongo kupitia neva moja kubwa ya uso, na ubongo ukipokea taarifa nyingi kwenye mlango mmoja hukosea anwani. Mgonjwa haongopi anaposema gego linauma. Analisikia kweli linauma. Gego halina kosa.

Goti likikuuma huendi kukatwa kidole cha mguu kwa sababu kiko mguu uleule. Lakini kwa taya tunafanya hivyo kila wiki, na tunalipia.

Kwa Simiyu kuna sababu za ziada za kushuku misuli kabla ya jino. Huu ni mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na pamba ni kazi ya mwili: kulima, kupalilia, kuchuma, kubeba marobota na magunia. Mtu anaponyanyua mzigo mzito huuma meno bila kujua, na anaweza kufanya hivyo mara mamia katika msimu. Kuna na vinavyotafunwa. Matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa, ni chakula kizuri cha akiba na mimi ni mpenzi wake mkubwa, lakini ukikaa na bakuli la matobolwa makavu saa nzima ya mazungumzo, misuli ya shavu imefanya kazi ya shamba. Watoto nao hutafuna michembe mibichi kama biskuti. Ongeza miwa, mahindi ya kuchoma, dengu za kukaanga, na yule kijana anayewaonyesha wenzake jinsi ya kufungua soda kwa magego. Halafu kuna wanaosaga meno usingizini, ambao nyumbani huambiwa wana minyoo na kupewa dawa. Minyoo inatibiwa, na hilo si baya, lakini usagaji unaendelea, kwa sababu haukuwa wa minyoo.

Kuna jambo jingine linalolitia jino hatiani bure huku kwetu. Sehemu za Maswa na Meatu, kama maeneo mengine ya ukanda huu, visima vyake vina madini ya floraidi kuliko inavyofaa, na watoto waliokua wakiyanywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Vizazi vimekulia humo. Jino la kahawia si jino lililooza, na mara nyingi ni gumu tu la kutosha kufanya kazi yake. Lakini mtu mwenye taya linalouma akijitazama kwenye kioo na kuona magego ya kahawia, hukumu imeshatoka kabla hajafika hospitali, na mtaalamu mwenye haraka huiidhinisha.

Jamii yetu ina historia ya kung'oa haraka, na mfano wake mbaya kuliko yote ni "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, mtu mzima anaonyesha ule weupe chini ya ufizi na kusema hilo ndilo linalomuua. Fundi anakuja, anachokoa kwa kifaa kisichochemshwa, anatoa chipukizi la jino la mtoto na kumwonyesha mama. Mtoto anabaki na kuhara kwake, sasa na kidonda na damu juu. Madaktari wetu wa meno wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi, na wamefanya vema. Nawauliza hao hao: tofauti ya hoja iko wapi, mtu mzima akija na maumivu ya shavu, mkatazama kinywani, mkaona jino lisilowapendeza sura, mkalitoa, na maumivu yakabaki? Ganzi ni safi na kifaa kimechemshwa, nakubali. Mantiki ni ileile.

Wapo watakaosema haya ni mawazo ya kienyeji, wenzetu walioendelea wana mashine. Basi tuwatazame hao wenzetu, maana historia yao ina mafunzo ya gharama kubwa. Mwaka 1934 daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, aitwaye James Costen, aliandika kwamba watu waliopoteza magego taya lao hufunga kupita kiasi, kiungo kikarudi nyuma na kubana mishipa, na ndiyo maana masikio na uso vinauma. Wataalamu wa maumbile ya mwili walikuja kuonyesha kwamba kubanwa huko hakuwezi kutokea kama alivyodhani. Lakini angalia kichekesho chake: Costen alisema kukosa magego ndiko kunakoleta maumivu ya taya, na sisi tunang'oa magego ili kuyaondoa. Hatuwezi kuwa sahihi wote wawili, na inawezekana kabisa kwamba wote tumekosea.

Baada yake zikaja zama za kusaga meno ya watu ili yakutane vizuri, kisha zama za kisu. Katika miaka ya 1980 Wamarekani wengi walitolewa kile kisahani cha gegedu na kuwekewa vipandikizi vyenye teflon, ile ile ya kwenye vikaango. Vipande vikamong'onyoka ndani ya kiungo, mwili ukavishambulia, mfupa ukaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliamuru viondolewe sokoni, na kampuni iliyovitengeneza ilikuwa imeshafilisika. Wagonjwa wake wengine waliishi na maumivu makali kuliko waliyokwenda nayo.

Sasa wamefika wapi? Desemba 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya taya. Jopo lake lilikuwa la madaktari, watafiti na wagonjwa wenyewe, nalo lilipitia majaribio mengi na kuzipima tiba kwa tiba. Zilizopendekezwa kwa nguvu ni hizi: ushauri wa kisaikolojia wa kubadili mazoea, mtaalamu kulisogeza taya kwa mikono, kukandamiza mafundo ya misuli kwa vidole, mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa, na kumwelimisha mgonjwa ajitunze nyumbani. Zilizokataliwa kwa nguvu ni pamoja na upasuaji wa kutoa kisahani, na kuchanganya dawa za maumivu za kawaida na zile za jamii ya afyuni. Hata vile vifaa vya plastiki vya kuvaa kwenye meno usiku, ambavyo Ulaya huuzwa kwa fedha nyingi, jopo halikuvipendekeza. Nchi zenye kila mashine zimezunguka karibu miaka tisini, zimepita kwenye kisu na teflon, zikarudi kwenye vidole. Bariadi haina sababu ya kuanza safari hiyo upya.

Watu husikia "masaji" na kufikiria mafuta ya nazi, mishumaa na muziki laini, kwa hiyo nieleze kukanda taya kulivyo. Mgonjwa anakaa kwenye kiti cha kawaida, kichwa kimeegemea. Kwanza anapimwa: je, vidole vitatu vya mkono wake mwenyewe, shahada, cha kati na cha pete, vinaingia wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini? Vikiingia viwili tu, taya limekaza. Likifunguka, linakwenda sawa au linapinda upande? Kisha mkandaji anaweka kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa, shavuni, dakika kumi au kumi na tano. Anamwambia aume meno mara moja ili aone msuli unaanzia na kuishia wapi, halafu alegeze, midomo imefungwa na meno hayagusani. Kuanzia hapo kazi ni ya ncha za vidole. Vinateremka polepole kutoka chini ya mfupa wa shavu hadi kwenye pembe ya taya, vikitafuta uzi uliokaza. Vikiupata, mgonjwa mwenyewe atakuambia, maana atashtuka na kusema, "Hapohapo, na jino nalo limeanza."

Kauli hiyo ndiyo kipimo. Ukibonyeza shavu kwa nje na gego likauma kwa yale maumivu anayoyajua, umemkuta mkosaji, na si gego. Kidole kinabaki hapo, kwa nguvu ya kuvumilika, nusu dakika hadi dakika moja, mpaka msuli ulegee chini yake. Kinahamia pengine. Panja linafanyiwa hivyohivyo, na misuli ya nyuma ya shingo, kwa sababu mtu anayebeba mizigo kichwani huwa amekaza vyote pamoja. Mwenye glavu anaweza kuushika msuli wa shavu kwa kidole gumba ndani na kingine nje. Kuna msuli mmoja wa ndani kabisa, nyuma ya magego ya juu, ambao wengine hudai kuukanda; wataalamu wenyewe wanabishana kama kidole kinaufikia, na mimi ningeuacha.

Kinachofuata ni cha mgonjwa, nyumbani, asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Ulimi juu kwenye kaakaa, afungue kinywa taratibu kadiri ulimi usivyobanduka, afunge, arudie. Mwayo ukija, auzuie kwa ngumi chini ya kidevu. Meno yasigusane ila wakati wa kula. Kwa kawaida, ukijumlisha siku nzima, meno ya mtu hugusana chini ya nusu saa tu, na anayeyabana kutwa ndiye anayejiumiza. Matobolwa yapumzike, na miwa. Ugali laini kwa mlenda hautafunwi sana, na hapo Msukuma hahitaji kuandikiwa chakula na mtu wa Ulaya.

Ndiyo hiyo masaji ya taya. Inauma kidogo, haina mishumaa, na gharama yake kubwa ni muda.

Nimesikia wanaosema kukanda hakuponyi, kunatuliza tu. Hoja hii hutolewa na watu walewale wanaouza diklofenaki kwa karatasi bila kuulizwa kama diklofenaki inaponya. Ukweli ni kwamba maumivu mengi ya misuli na kiungo cha taya hupanda na kushuka, na mengi hupoa yenyewe yakitunzwa. Mpinzani wangu atadakia hapo: basi sifa mnayoipa mikono ni ya muda tu. Kwa sehemu, yawezekana. Lakini hoja hiyo inamuumiza yeye kuliko mimi. Ikiwa maumivu yangepoa, mgonjwa wangu aliyekandwa ametoka na meno yake yote, na wake ametoka na pengo. Gego la mtu mzima halioti tena. Likitoka, la jirani hulala upande, la juu yake hushuka kutafuta mwenzake, mtu huhamishia utafunaji upande mmoja, na ule upande unaanza nao kuchoka. Mimi sikatai kwamba ushahidi wa tiba ya mikono una mipaka. Peke yake, bila mazoezi na bila kuacha kubana meno, nafuu yake yaweza kuwa ya muda mfupi. Nakataa kulinganisha tiba inayoweza kurudishwa nyuma na isiyoweza.

Wengine wanasema ni uganga. Sawa, na tuone uganga huo ni wa lini. Hati ya kale ya Misri inayoitwa papirasi ya Edwin Smith, iliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, inaeleza taya lililoteguka: tabibu aweke vidole gumba ndani ya kinywa kwenye ncha za mfupa, vidole vingine chini ya kidevu, alirudishe mahali pake. Daktari wa dharura wa leo, awe hospitali ya Bugando, Mwanza, au London, hulirudisha taya lililochomoka kwa namna isiyo mbali na hiyo. Elimu ya mikono juu ya taya ni kongwe kuliko koleo lolote lililopo kwenye sinia, na iliandikwa kwanza katika bara hili.

Lakini sitawatetea wote wanaokanda. Wapo wanaochanja chale shavuni kwa wembe na kupaka unga, na chale chafu ni mlango wa pepopunda, ugonjwa ambao dalili yake ya kwanza mara nyingi ni taya kukaza. Wapo wanaolishika taya na kulivuta kwa ghafla ili "lilie", na wanaopindua shingo hadi itoe mlio. Hao waachwe. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na ina baraza la kuwasajili watoa tiba hao. Mkandaji aliyesajiliwa, akafundishwa mipaka yake na kujua wapi pa kumpeleka mgonjwa, ana manufaa kuliko mkandaji anayefanya kazi kwa kujificha kwa sababu tumemcheka.

Hoja nzito kuliko zote ni ya kuchelewesha, na siipuuzi. Mtu mwenye uvimbe chini ya taya, homa, na shida ya kumeza au kupumua ana jipu la jino linaloweza kumuua kwa siku mbili. Huyo hakandwi, anakimbizwa, na hapo koleo na kisu ni uhai. Aliyepigwa au kuanguka na bodaboda, meno yake hayakutani kama zamani, amevunjika. Mtu mzima anayeumwa taya la kushoto akipanda kilima au akibeba mzigo, na kifua kinabana, apimwe moyo. Ambaye taya limekaza na mwili unakakamaa, na alikuwa na kidonda, ana pepopunda hadi ithibitike vingine. Na mtoto ambaye taya linavimba kwa kasi, meno yanalegea bila sababu, asiguswe na mkandaji wala na mng'oaji, maana hiyo yaweza kuwa saratani: daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza kutoka hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, ukanda wa Ziwa Victoria tunaujua ugonjwa huo, nayo hutibika kwa dawa ikiwahiwa. Ukiyang'oa yale meno yanayolegea umepoteza wiki ambazo mtoto hana.

Tazama orodha hiyo tena. Katika karibu yote, kung'oa bila kuchunguza kunachelewesha sawasawa na kukanda bila kuchunguza. Hatari haiko kwenye vidole. Iko kwenye swali la "jino gani" linaloulizwa kabla ya maswali mengine yote.

Basi nani atakanda, wakati mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili unahangaika na malaria na uzazi? Wenyewe hawa tulio nao. Mtaalamu wa fiziotherapia, pale alipo, ameshafundishwa misuli na viungo. Tatizo ni kwamba anapelekewa migongo, viharusi na waliofungwa plasta, na mwenye taya hapelekwi kwake hata kama vyumba vimetazamana. Tabibu wa meno anaijua misuli hiyo kuliko sisi sote, kwa sababu ndiyo anayopitisha sindano katikati yake. Muuguzi wa Nkololo au Dutwa anaweza kufundishwa kupima vidole vitatu, kubonyeza shavu na kumwelekeza mgonjwa mazoezi ya ulimi. Havihitaji umeme wala kitendanishi. Ukivilinganisha na nauli ya kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu, na siku mbili za shamba zilizopotea, na kulala kwa ndugu, sioni anayeweza kuviita anasa.

Hata ganzi yenyewe, ambayo ipo kila kliniki inayong'oa, ni kipimo kinachotupwa. Jino likishakufa ganzi sawasawa na maumivu yakabaki vilevile, ni ishara kubwa kwamba chanzo kiko kwingine. Kinachotakiwa ni kusubiri dakika chache, kumuuliza mgonjwa kama bado anaumwa, na kuwa tayari kuliweka koleo chini jibu likiwa ndiyo.

Nimebakiza hoja moja, na matabibu wa meno huitoa kwa uchovu wa kweli: wagonjwa wenyewe ndio wanaotaka kung'olewa. Wametoka mbali, wamelipa, hawataki kurudi na maneno. Mama ameshaamua tangu Ngulyati kwamba gego hili litabaki Bariadi. Najua hali hiyo, na najua kumkatalia kunavyoonekana kama dharau. Lakini mama huyo hakuja na elimu ya misuli. Alikuja na maumivu na jibu pekee alilowahi kusikia. Akishikwa shavu, akabonyezwa mahali penyewe, akasikia gego lake linauma bila kuguswa, hahitaji hotuba. Hapo tabibu anaweza kumwambia, "Mama, umejisikia mwenyewe. Fanya hivi kwa wiki mbili, kisha rudi. Koleo lipo, halihami."